Ng'ombe wa Garsen Hawapiti

Jina lake ni Lul, herufi tatu tu, lakini Garsen nzima inamwita Lulu. Waswahili hawana subira na neno linaloishia kwenye konsonanti, kwa hiyo walimbandika "u" bila kumwomba ruhusa. Mwanzoni alikuwa akiwasahihisha. Kisha siku moja abiria wa basi la Lamu, aliyeingia dukani kutoa nakala ya kitambulisho, akamweleza kwamba lulu ya Kiswahili na lul ya Kisomali ni kitu kimoja. Lul akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo anaitika yote mawili.

Duka lake liko njia panda, upande ambao malori ya mifugo hugeuzia, kwa hiyo mteja wake wa kwanza kila asubuhi ni vumbi. Humo ndani mna kompyuta tatu zinazofanya kazi na moja ya kujaza meza, mashine ya kuchapa, pazia la buluu la kupigia picha za pasipoti, na feni inayozunguka huku ikinung'unika. Watu huja kujaza fomu za serikali, kutafuta matokeo ya mitihani, kuandikiwa barua za kuomba kazi. Lul huwahudumia wote akiwa na kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia mkononi. Ukimkuta hana kikombe, tafadhali ahirisha shida yako.

Hayo yote ni ya kula. Kinachompa raha ni tovuti yake. Aliitengeneza mwenyewe aliporudi kutoka chuoni Malindi, na jina lake ni Zizi. Watu wameshaifanya kuwa mahali: utasikia mtu akisema amemwacha fahali wake Zizini, na mgeni atadhani kuna ua wa miiba nyuma ya msikiti. Mwenye mnyama wa kuuza anaandika kwenye simu yake ni mnyama gani, rangi yake, umri wake, na yuko wapi. Anabonyeza neno Tuma. Ukurasa unamjibu: "Asante, tangazo lako limepokelewa." Lul naye hulipitia, na akiona si mnyama wa wizi wala si matusi, hulifungulia, na wanunuzi wa Malindi na Mombasa wakaliona kabla hawajapanda gari. Kazi ya kufungulia anaifanya asubuhi akiwa na chai yake, na ukimtazama usoni wakati huo utajua kwamba huyu ni mtu aliyeridhika na maisha yake.

Aliyeingiza mnyama wa kwanza Zizini alikuwa Duba, mfanyabiashara wa ng'ombe, Morma, yaani mtu wa kabila la Waorma, mrefu, mwenye sauti ya chini. Duba na marehemu baba yake Lul, Abdimajid, walifanya kazi pamoja maisha yao yote: Msomali akitafuta wanunuzi, Morma akichagua ng'ombe, na hakuna aliyemsikia mmoja akimlaumu mwenzake. Lul amekulia nyumba zote mbili. Anamwita Abba, yaani baba kwa Kiorma, na mke wa Duba ndiye aliyemsuka nywele siku ya harusi yake. Zizi ilipoanza, wauza ngamia walikunja pua wakasema simu haina macho ya kuona mguu unaochechemea. Duba alivaa miwani, akaandika tangazo la fahali wake kwa kidole kimoja, taratibu, akatuma. Baada ya hapo hakuna aliyekunja pua tena.

Sasa aje Mwalimu Zakaria. Huyu ni Mpokomo, mwalimu mstaafu, amefundisha Kiswahili mpaka sauti ikamkauka, na kustaafu hakukumponya. Husahihisha mabango ya hoteli. Husahihisha matangazo ya vifo. Siku moja alikaa kwenye kompyuta ya Lul, akafungua Zizi, na Lul akamsikia akigugumia kama mtu aliyeng'atwa na siafu.

"Lul! Ngombe! Ngombe! Ngombe! Ukurasa mzima ngombe! Kwani ritifaa inauzwa?"

"Ritifaa ndiyo nini, Mwalimu?"

"Hako kaalama! Kale kanakokaa juu baina ya ng na o! Bila hako huyo si ng'ombe, ni kitu gani sijui. Mtandao unasomwa na dunia, binti yangu. Mnatuaibisha."

Lul, ambaye hapendi kuudhi wazee, alimpa karatasi kubwa na kalamu ya wino mzito. Mwalimu akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: NI NG'OMBE, SI NGOMBE. Lul akaibandika karibu na mlango, kisha akaipiga picha na kuituma kwenye kundi la simu la wauza mifugo wa Garsen. Wengi walituma vicheko. Lakini Duba ni mtu anayeheshimu kilichoandikwa. Alisimama mlangoni akaisoma huku midomo ikicheza, akamwomba Lul amwonyeshe hako kaalama kanapatikana wapi kwenye simu, na alipokaona akafurahi sana. Akawaonyesha na wenzake. Kwa siku chache mnadani ikawa kama darasa, wazee wa ng'ombe wakisahihishana na kutaniana, na Mwalimu Zakaria akapita katikati yao akiwa amejaa fahari.

Halafu ng'ombe wakaacha kuja.

Lul hakushtuka. Mvua zilikuwa zimenyesha, malisho yalikuwepo, na mtu mwenye malisho hana haraka ya kuuza. Mbuzi walikuja, kondoo walikuja, ngamia walikuja. Hata ng'ombe wachache walikuja, wa kutoka mji wa Chewele, akawafungulia kama kawaida. Akaendelea na chai yake.

Alichokiona baadaye ni salamu. Duba alikuwa na desturi ya kupitia dukani kila asubuhi, hata kama hana shida, ausemeshe mlango tu: "Binti, umeamka?" Akaacha. Siku moja Lul alimwona akivuka barabara kwenda upande wa pili, upande usio na kivuli, ili asipite mbele ya duka. Akajiambia labda hakumwona. Siku ya pili alipompigia simu, simu ililia mpaka ikachoka. Hapo ndipo chai ilipokosa ladha.

Habari kamili aliletewa na mumewe Liban, dereva wa lori la mifugo, mtu asiyependa maneno mengi na kwa hiyo akisema huna budi kusikiliza. Aliegesha lori asubuhi moja, akaingia, akasimama bila kuketi.

"Mnadani wanakusema," alisema.

"Wanasema nini?"

"Wanasema ng'ombe wa Garsen umewafungia. Wanatuma, wanaambiwa asante, na hawaonekani. Ng'ombe wa Chewele wanaonekana." Akajikuna shingo. "Na mimi ni mtu wa Chewele. Kwa hiyo wanasema unawapendelea wakwe zako."

Lul alitaka kucheka, lakini kicheko hakikuja. "Nani anasema?"

"Wote. Leo baada ya alasiri wanakaa pale kibanda cha chai, wanataka kujitoa Zizini, waende kwa tovuti ya watu wa pwani. Mzee Duba ndiye atakayesema."

"Abba Duba?"

"Yeye."

Kama angekuwa mtu mwingine yeyote, Lul angekasirika, na hasira ni nyepesi kubeba. Hii haikuwa hasira. Zizi ingeweza kuondokewa na wauza ng'ombe na bado angekula. Picha za pasipoti hazijaisha duniani. Lakini kumpoteza yule mzee, tena kwa jambo asilolifanya, na sherehe zote za nyumba ile zikapita yeye akiwa nje, hilo aliliona haliwezekani kabisa. Alimwambia Liban aende akapumzike. Akaketi mbele ya kompyuta.

Kwanza alifanya anachokifanya siku zote akitaka kujua kama Zizi inafanya kazi. Alichukua simu yake akaandika tangazo la mbuzi wa uongo, mweupe, mwenye pembe moja, akatuma. Mbuzi akafika papo hapo. Akatuma mwingine. Naye akafika. Basi hakuna kilichoharibika, alijiambia, na hilo likamtisha zaidi, maana kama hakuna kilichoharibika basi ni kweli watu wanamsingizia.

Pili alienda kuiuliza seva. Seva ya Zizi haiko Garsen. Ni ya kukodi, iko Ulaya huko, lakini Lul huifungua kwa nywila yake na kutembea ndani yake kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yake, chumba hadi chumba, au kama wasemavyo wenyewe, folda hadi folda. Chuoni walifundishwa kwamba seva ina tabia moja nzuri: kila kitu kikiikwama kooni, inakiandika pembeni kwenye faili la makosa, ambalo wao huliita logi. Haimwambii mtu. Inaandika tu na kunyamaza. Asiyekwenda kuitazama hatajua. Lul alilifungua faili la makosa kwenye folda kuu, pale pale alipofundishwa, na akakuta makosa machache ya zamani, picha ambayo haikupatikana, basi. Hakukuwa na jambo la siku hizo hata moja. Akalifunga, akalifungua tena.

Ndipo Dinah alipoingia, na Mungu ambariki Dinah. Ni mama kutoka kijiji cha Chara, mkulima wa ndizi na maembe kwenye mashamba ya mafuriko, Mkristo wa kanisa la kuimba kwa sauti kubwa, na hata akinunua chumvi huinunua kwa sauti hiyo hiyo.

"Lulu, mimi nimekukosea?" aliuliza kabla hata ya kuweka kikapu chini. "Niambie tu. Mimi si mtu wa kununa."

"Umenikosea nini, Mama Levi?"

"Maembe yangu! Nimetuma, ninaambiwa asante. Nimetuma tena, asante. Asante ngapi nitakula? Mnunuzi wa Malindi ananipigia anasema haoni embe hata moja."

Lul alimkazia macho. Dinah hana ng'ombe. Hajawahi kuwa na ng'ombe. Si mtu wa Garsen wala wa Chewele, na ugomvi wa mnadani haumhusu kabisa.

"Uliandika nini? Neno kwa neno."

"Ndiyo mara yangu ya kwanza kutuma. Niliandika maembe mazuri, yako ng'ambo ya mto, Chara. Kwani kuna ubaya?"

Hakukuwa na ubaya. Lakini Lul sasa alijua kwamba kitu kimekwama mahali fulani, na kwamba seva haiwezi kukwamwa bila kuandika. Kama haikuandika sebuleni, imeandika chumba kingine. Akaanza kupita folda moja moja. Folda ya picha, hakuna. Folda ya kurasa, hakuna. Akafika kwenye folda aliyoiita "pokea", ambamo mna kile kipande cha programu kinachopokea matangazo yanapotumwa, na humo, chini kabisa, akaona faili la makosa la pili ambalo hajawahi kulitazama tangu azaliwe. Kumbe kila folda huweka logi yake. Chuoni hilo hawakulisema, au walilisema siku aliyokwenda kununua viatu.

Faili lilikuwa kubwa ajabu. Alilibofya, na kompyuta ikachukua muda wake.

"Ni nini hicho?" Dinah aliuliza, akivuta kiti.

"Malalamiko ya seva."

Mistari iliporomoka skrini nzima, yote Kiingereza, yote karibu sawa, kila mmoja ukianza kwa tarehe na saa ya Ulaya isiyolingana na ya Garsen, kisha ukisema kwamba amri haieleweki, karibu na neno fulani. Na neno hilo ndilo lilikuwa Kiswahili. Lul akasoma kwa sauti. "Karibu na: ombe dume mwekundu. Karibu na: ombe jike na ndama. Karibu na: ombe watatu. Ombe, ombe, ombe."

"Nani anaomba?" Dinah alisema.

"Sijui." Akashuka chini. "Karibu na: ambo ya mto, Chara."

"Hayo maembe yangu!"

Ombe. Ambo. Lul alisogeza uso karibu na skrini, kisha akageuza kichwa polepole kuelekea mlangoni, ambako mwandiko wa Mwalimu Zakaria ulikuwa unamtazama kwa herufi kubwa. Akaanza kucheka, mikono kichwani, kicheko cha mtu aliyetafuta miwani akiwa ameivaa.

Mambo yalikuwa hivi. Kile kipande cha programu alikiandika akiwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, naye aliyafunga maneno ya watu kati ya vialama viwili, kimoja mwanzo na kimoja mwisho, ili seva ijue tangazo linaanzia wapi na kuishia wapi. Vialama vyenyewe ni ndugu pacha wa ritifaa. Mtu akiandika ngombe, seva inaona tangazo lote. Mtu akiandika ng'ombe kama Mwalimu alivyoagiza, seva inafika kwenye ng, inaona kialama, inasema haya, tangazo limekwisha, kisha inakutana na "ombe" iliyobaki nje peke yake na haijui ya nani. Inakwama. Inaandika kwenye logi. Na kwa kuwa Lul wa miaka ile hakuwa na adabu ya kuangalia kama kazi imekwenda sawa kabla ya kushukuru, ukurasa ulisema asante kwa kila mtu, aliyepita na aliyekwama. Mkufunzi wa Malindi aliwaonya kuhusu jambo hilo hilo, tena kwa ukali, na Lul akiwa peke yake hujua kabisa ni nani wa kulaumiwa. Watu wa Chewele walipita kwa sababu hawakuwa kwenye kundi la Garsen na hawakuiona ile karatasi. Na yeye mwenyewe kila akijaribu alijaribu kwa mbuzi.

"Kwa hiyo aliyetii ndiye aliyefungiwa," Dinah alisema.

"Ndiyo hivyo."

"Makubwa," alisema Dinah, na akaagiza chai mbili kutoka hoteli ya jirani.

Lul aliendelea kushuka. Alitaka kuona mwisho tu, ajue ni matangazo mangapi ya kuwaomba watu radhi. Lakini kadiri alivyoshuka ndivyo mistari ilivyobadilika. Hayakuwa tena madume na majike. Mtu mmoja, baada ya kutuma ng'ombe wake mara nyingi bila kuonekana, alikuwa ameanza kuzungumza. Alitumia kisanduku kile kile cha tangazo, akiamini kwamba kikifika kitafika kwa Lul. Seva ilikuwa imekata mwanzo wa kila ujumbe na kubakiza mkia.

"Ombe yangu hujaona, binti? Mimi Duba."

"Ombe yangu labda picha si nzuri? Nitapiga ingine."

"Ombe nimetoa huyo mweusi, labda yeye ana shida. Angalia huyu."

"Ombe ni wewe ulisema tuandike hivi. Nimeandika. Kosa yangu nini?"

Dinah alikuwa anasema kitu kuhusu sukari. Lul hakumsikia. Aliona yule mzee amevaa miwani, ameinamia simu, anatafuta hako kaalama kwa kidole kimoja, na kila alipokaweka mahali pake vizuri ndipo mlango ulipomfungia. Na kila jioni akisoma asante. Sasa alielewa kwa nini alivuka barabara. Hakuwa ameudhika kwa sababu ya ng'ombe. Alikuwa amemwandikia mtoto aliyemlea, tena na tena, kwa upole, na mtoto akakaa kimya.

Kisha akafika mwisho wa faili. "Ombe yetu na wewe basi. Nyumbani kwangu usikuje tena."

Lul alilia, na Dinah akamshika bega bila kuuliza chochote. Machozi yalipokauka, alirekebisha ile programu. Haikuwa kazi kubwa. Akaiandika upya namna ambayo maneno ya watu yanakwenda kwa njia yao na amri za seva kwa njia yake, mtu aandike vialama atakavyo. Akaongeza na kauli mpya: kitu kikikwama, mtumaji aambiwe kimekwama, bila asante za bure. Kwa mara ya kwanza tangu kuanzishwa kwa Zizi, akajaribu kwa ng'ombe. Akapita. Akajaribu ng'ambo, ng'ang'ania, na ng'ong'o. Yote yakapita. Akamwachia Dinah duka, akakunja kompyuta ya mkononi, akajifunga mtandio vizuri, akaenda mnadani.

Alasiri ilikuwa imeswaliwa. Wazee wa ng'ombe walikuwa wamekaa kibandani, bakora magotini. Duba alikuwa katikati. Alipomwona Lul akatazama chai yake.

"Asalaam aleikum," Lul alisema.

Waliitikia, kwa sababu salamu haikataliwi, lakini hakuna aliyemsogezea kiti. Akabaki amesimama.

"Abba, naomba unisikilize kidogo. Wote mnisikilize. Ng'ombe wenu walifika, lakini hawakufika kwangu. Walikwama njiani, nimewapata leo."

"Walikwama wapi?" aliuliza mmoja wao. "Zizi ni yako. Njia ni yako."

"Ni yangu. Na kosa ni langu." Akafungua kompyuta, akaiweka kwenye meza ya chai. "Hili ndilo faili la makosa. Wote wamo humu."

Duba aliinama, akavaa miwani. Akaona ng'ombe wake, akaona ng'ombe wa jirani zake, mstari kwa mstari, na juu ya ukurasa likiwemo lile neno la Kiingereza, error, ambalo kila aliyepita shule analijua.

"Makosa," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Ng'ombe yetu umeandika kwa makosa."

Lul aliona namna jambo linavyoweza kuharibika mara mbili.

"Si mimi niliyeandika, Abba. Ni mashine. Soma vizuri, soma walivyoandikwa. Wanaitwaje?"

Duba akasoma huku midomo ikicheza. "Ombe." Akasoma mwingine. "Ombe. Ombe." Akavua miwani, akaifuta kwa kikoi, akaivaa tena. "Ng iko wapi?"

"Imebaki nje ya mlango. Kile kialama cha Mwalimu, mashine yangu ilidhani ni mwisho wa maneno, ikawakata. Ngombe wa Chewele hawana kialama, ndiyo maana walipita. Nyinyi mliandika sawasawa. Mimi ndiye niliyetengeneza mlango mbovu."

Ilichukua muda kidogo kuwaingia. Kisha mzee mmoja wa pembeni akasema, "Yaani mwenye makosa amepita, mwenye sawa amekamatwa," na mwingine akajibu kwamba hata askari wa barabarani hufanya hivyo, na kicheko kikazuka kibanda kizima. Wakamtaja Mwalimu Zakaria kwa maneno ambayo hayatasahihishwa hapa. Mtu akamsogezea Lul kiti. Akaletewa chai.

"Jaribu sasa, Abba," alisema Lul. "Andika na kialama."

Duba alitoa simu. Aliandika taratibu, kidole kimoja, akakitafuta kialama akakiweka, akabonyeza Tuma. Kompyuta mezani ikamwonyesha fahali wake, mzima, kuanzia ng mpaka mwisho, akisubiri kufunguliwa. Lul akamfungulia hapo hapo mbele yao. Mara simu zote zikatoka mifukoni, kila mzee akimwandika ng'ombe wake kwa mkupuo, wakipigiana kelele nani ametangulia, na habari ya kujitoa Zizini haikutajwa tena na mtu.

Duba peke yake hakucheka sana. Alikuwa bado anatazama faili. Alikuwa ameona kwamba halikuwa na ng'ombe tu. Alisogeza kiti karibu na Lul, akateremsha sauti ambayo tayari ilikuwa ya chini.

"Haya maneno mengine. Yale nilikuandikia. Yalikuwa hayajakufikia?"

"Hata moja, Abba. Nimeyaona leo."

"Mimi nilisema huyu amesoma, amenyamaza."

"Ningewezaje kunyamaza?"

Mzee alitikisa kichwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono, akaufunika upande wa chini wa skrini kwa kiganja chake kipana, pale pale ulipokuwa mstari wa mwisho.

"Umesoma mpaka chini?"

Lul alikuwa anaujua mstari ule kwa moyo, kila neno lake.

"Bado," alisema. "Niliona ya juu, nikaja mbio."

"Futa hii ya chini. Hii si maneno."

Duba akaondoa kiganja huku akimtazama usoni, na Lul akageuza macho barabarani, kwenye lori lililokuwa likishusha mbuzi, akaupapasa mstari kwa kidole bila kuutazama, akaufuta. Mzee akahakikisha umeondoka. Akanywa chai yake iliyokwisha kupoa mpaka tone la mwisho.

"Kesho uje nyumbani," alisema. "Mama yenu anakuuliza kila siku."

"Nitakuja, Abba," alisema Lul, kama mtu ambaye hajawahi kukatazwa.